Dereva Aliyelificha Ziwa

Tulimwita Dereva. Barabarani lilikuwa jina la kazi yake. Majini liligeuka kuwa utani, maana watu wa Karema wana neno lao la heshima kwa mtu anayeshika usukani wa boti, na hilo walikataa kumpa. "Nahodha gani wewe, unashuka botini kama mtu anayeshuka kwenye punda?" mvuvi mmoja alimuuliza mbele ya abiria. Dereva alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema ni kweli, yeye ni Msukuma, amekulia nyuma ya ng'ombe, wamwite Dereva tu inatosha.

Mimi nilikuwa mpishi. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi kwenye bustani ya mapumziko ya tajiri mmoja ambaye sote tulimwita Bosi. Ilikuwa kwenye ghuba ndogo, ng'ambo ya miamba ukitoka Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kulikuwa na vijumba vya msonge vya kulala wageni, bwawa lenye mtelezo, bembea ya kuzunguka yenye viti vya rangi rangi, na wanyama wa saruji ambao watoto waliwapanda mgongoni: tembo, twiga mwenye shingo fupi kwa sababu saruji iliisha, na kiboko aliyefumbua mdomo kuelekea majini. Siku za Krismasi na Pasaka, Mpanda nzima ilitaka kuja kwetu.

Tatizo lilikuwa kufika. Barabara iliishia Karema, miamba ikazuia. Kwa hiyo mgeni alipanda Kosta ya Bosi kutoka Mpanda, akapita Kabungu na misitu yote ile mpaka ziwani, pale akashuka, akavalishwa jaketi okozi, akaingia kwenye boti ya Bosi na kuzungushwa nyuma ya miamba mpaka bustanini. Tulikwenda Jumamosi, tukarudi Jumapili. Dereva ndiye aliyeendesha vyote viwili. Akishazima Kosta alivua viatu, akakunja suruali, akaenda kuwasha boti, na wageni waliokuja mara ya kwanza walitazamana.

Walitazamana pia kwa sababu hakuwa mtu yule yule. Kwenye Kosta alikuwa na kelele za mnada. Asubuhi aliingia na salamu ya kwao, "Mwangaluka!" ya nguvu, na basi zima, Wabende, Wafipa, Wapimbwe na wengine, liliitika kila mtu kwa namna yake. Tukiingia msituni kwenye mbung'o alipaza sauti: "Fungeni madirisha, ndugu zangu, ndorobo hawana tiketi!" Aliimba nyimbo za kanisani akichanganya maneno, na mtu akimsahihisha alisema Mungu anaelewa Kisukuma pia. Akikuta ng'ombe barabarani hakupiga honi hata mara moja. Alizima gari, akashuka, akawapigia mluzi, akawaongoza pembeni mmoja mmoja huku akiwasifia rangi zao, na abiria walioharakia bembea walinung'unika bure.

Botini alinyamaza. Alisimama nyuma kwenye injini, macho mbele, na ukimsemesha alijibu kwa kidevu. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mama Pendo, barabarani nikichoka naegesha pembeni. Ziwani hakuna pembeni."

Alikuwa na desturi moja ambayo Bosi hakuipenda, kwa sababu ilichelewesha safari. Kabla ya mtu kuingia botini, Dereva alimuuliza, "Nyumbani anakusubiri nani?" Ilibidi ujibu. Watoto walitaja bibi zao, wanandoa walitaja wakwe kwa kucheka. Siku moja mwalimu mstaafu, mwanamume mpole aliyekuja peke yake, alisema hana mtu. Dereva alimtazama kidogo, akamwambia, "Basi panda ukae karibu na mimi." Ndivyo walivyovuka, na ndivyo walivyorudi kesho yake.

Jambo lililomfanya ajulikane zaidi ni ukweli wake. Bosi alitangaza redioni kwamba kutoka Mpanda mpaka bustanini ni mwendo mfupi wa raha. Dereva alisimama mlangoni mwa Kosta na kuwaambia abiria, "Nyie mmeambiwa ni karibu. Si karibu. Kuna vumbi, kuna makorongo, na choo cha maana kipo Kabungu. Anayetaka kushuka ashuke sasa, sitamcheka." Hakuna aliyeshuka kamwe, ila Bosi alipopata habari alikuja juu. Dereva alimsikiliza akiwa ameshika kofia mikononi, akasema, "Bosi, mimi ndiye ninayetazamana nao kwenye kioo njia nzima." Safari iliyofuata akasema vile vile.

Mama mmoja mnene aliwahi kumuuliza kama mtelezo wa bwawa ungemfaa. "Kwako wewe mama yangu, hapana," alisema. "Utakwama katikati, na watoto watapanga foleni nyuma yako." Yule mama alicheka hadi akalia, akamletea mahindi ya kuchoma. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtu akitaka kujua jambo lilivyo, mshahara utachelewa au hautachelewa, upepo mbaya au mzuri, nani kasema nini juu ya nani, alimuuliza Dereva.

Ndiyo maana nilishangaa sana nilipoanza kuuona mwendo wake wa Jumapili.

Dereva alipenda samaki. Jumamosi nilimkaangia migebuka, akala kwa mikono miwili, akafyonza mifupa mpaka ikang'aa. Lakini Jumapili, kabla hatujawarudisha wageni, hakugusa samaki hata kidogo. Tukishafika Karema na boti ikishafungwa, alikwenda nyuma ya nyumba ya mlinzi akaoga kwa maji ya kisima na sabuni, akasugua mikono na ndimu, akavaa shati lingine aliloacha humo. Nguo za botini hazikuwahi kupanda Kosta. Na alipokuwa akirudi Mpanda hakubeba dagaa wala mgebuka, wakati kila mtu mwingine ndani ya gari alinuka soko la samaki.

"Mkeo hali samaki?" nilimuuliza siku moja nikimkatia ndimu.

Alisugua mikono muda mrefu. "Hajui kwamba ninaingia ziwani," alisema.

Nilimfahamu mkewe, nilikuwa nasali naye parokia moja. Alikuwa fundi cherehani, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alizaliwa Burundi, akavuka ziwa akiwa mtoto wakati wa vita, akakulia Katumba kwenye makazi ya wakimbizi, na huko ndiko Dereva alikomkuta, enzi hizo akiendesha lori la magogo. Dereva alinieleza kwa ufupi kwamba ziwa lilimnyang'anya mke wake watu. Hakusema nani. Siku ya kuchumbiana, yule binti alimwambia hataki makuu. Aliomba kitu kimoja, mume asiingie ziwani. Naye aliona ni jambo rahisi. Mtu wa lori anatafuta nini ziwani?

Kisha Bosi akafungua bustani na kumwajiri aendeshe Kosta. Boti ilikuwa na mtu wake, kijana wa Karema. Kijana yule aliondoka kabla mwaka haujaisha, akaenda kutafuta maisha Kigoma. Bosi akamwambia Dereva, ajifunze boti au aondoke, ataletwa mwingine atakayefanya zote. Nyumbani kulikuwa na watoto watatu shuleni. Alijifunza. Akajiambia ni kwa muda tu, mpaka apatikane mtu. Mkewe aliendelea kuamini kwamba akifika Karema yeye hulala kwenye Kosta akilinda gari mpaka Jumapili, na boti inashikwa na wenyewe wa ziwa.

"Siku ya kwanza nilitaka kumwambia," alisema. "Nikamkuta anashona sare za watoto, anaimba. Nikasema nitamwambia kesho."

Kesho hiyo ikawa miaka. Sisi wafanyakazi wote tulijua, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu tulimpenda, na kwa sababu ilionekana haimuumizi mtu. Mkewe alikuwa na amani. Tukikutana kanisani katikati ya wiki aliniuliza, "Wifi, kaka yako huko Karema anakula vizuri?" nami nikasema anakula vizuri sana, na ulikuwa ukweli.

Basi ziwa likaanza kupanda.

Mwanzoni tulidhani ni masika tu, maji yatarudi. Hayakurudi. Msimu wa kwanza yalichukua mchanga ambapo watoto walichezea. Msimu wa pili yakamfikia kiboko wa saruji shingoni, na kwa mara ya kwanza akafanana na kiboko. Gati letu la mbao lilizama, tukawa tunashukia kwenye ngazi za mgahawa. Kule Karema nako nyumba za mbele ziliingiliwa maji, watu wakahamisha vitanda kwa mitumbwi, na mahali tulipokuwa tunapandia boti pakawa katikati ya kuta za nyumba ya mtu. Dereva alimwambia Bosi tufunge. Bosi alikuwa amekopa, akasema Pasaka ikipita atafikiria.

Jumatatu ya Pasaka kwaya ya parokia yetu ilikuwa bustanini. Wageni walikuwa wengi, Bosi akakodi boti ya pili kutoka Karema kusaidia kuwarudisha. Mchana upepo ulikuwa wa kawaida. Boti ya Dereva ilitangulia na familia zenye watoto. Ile ya kukodi ikafuata na kwaya, na mimi nilikuwa ndani yake na masufuria yangu.

Tulipofika usawa wa miamba upepo uligeuka. Sijui kuueleza vizuri. Mawimbi yalikuja kutoka upande wa Kongo, mapana, hayana povu, yakatuinua na kutubwaga. Injini ikanyamaza. Boti ikaanza kuzunguka na kuingia maji, na nyuma yetu miamba ikawa inasogea. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza alianza kuimba, kisha akaacha. Mwenye boti alikuwa anavuta kamba ya injini na kulia.

Dereva alikuwa ameshashusha watu wake. Alituona kutoka Karema, akageuza. Wavuvi walimpigia kelele asubiri upepo upungue, nao walikuwa wanajua wanachosema. Alikuja. Alipotukaribia nilimwona uso, na haukuwa na ujasiri wowote. Akaturushia kamba ikaanguka majini, akairusha tena, ya tatu tukaikamata. Boti yetu ilikuwa imejaa maji, haivutiki, kwa hiyo akasogea ubavuni na kutuhamisha mmoja mmoja, akimshika kila mtu chini ya makwapa kama anavyoshikwa mtoto. Wengi walitumbukia, akawavuta kwa nywele, kwa kanzu za kwaya, kwa chochote. Hatukutosha kwa mara moja. Aliwapeleka wa kwanza, akarudi kutuchukua sisi tuliobaki tumeng'ang'ania ubao. Watu wote tulifika. Boti ya kukodi ilivunjikia kwenye miamba tukiitazama.

Ufukweni alikaa kwenye maji ya magotini, watu wakimkumbatia huku na huku. Nilimpelekea ndimu kwa mazoea tu. Aliiangalia kama hajui ni kitu gani.

Jumapili iliyofuata, wiki ambayo hatukuwa na safari, baada ya misa, kwaya iliamua kwenda kumshukuru nyumbani kwake. Nilipopata habari walikuwa wameshapanga mstari barabarani, wamebeba kuku, mchele na kitenge kipya cha mama mwenye nyumba. Niliwaambia Dereva hapendi mambo ya sherehe. Wakanijibu, "Mama Pendo, mtu aliyekutoa kwenye maji unamshukuru chumbani?" Nikawafuata. Sikujua la kufanya.

Mkewe, ambaye wiki ile yote alikuwa amejifungia ndani na kazi ya sare, alitoka mlangoni akiwa na futi ya kupimia shingoni. Dereva alikuwa nyuma ya nyumba anachota maji. Mwenyekiti wa kwaya alianza kuzungumza mara moja, mzee mwema, machozi yakimtoka. "Mama, tumekuja kukushukuru wewe uliyemtunza mwanaume huyu. Ziwa lilikuwa limeshatumeza. Mumeo aliingia na boti yake mara mbili, akatutoa kwa mikono yake. Kama si yeye, leo parokia ingekuwa inazika."

Nilikuwa namtazama mama yule. Hakubadilika uso. Alisema, "Mume wangu yupi?" kwa sauti ndogo, na watu wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu. Hapo Dereva akatokea kwenye kona na ndoo mkononi, akauona mstari mzima, akaiweka ndoo chini taratibu.

Mkewe akampokea kuku. Akapokea na kitenge, akashukuru kwa magoti kama ilivyo adabu. Akawaingiza ndani wote walioenea, waliobaki wakakaa kivulini, akachemsha chai, akapika wali ule ule walioleta. Alihudumia kila mtu. Kwaya iliimba nyimbo tatu. Dereva alikaa kwenye kiti cha heshima akitazama vidole vyake.

Walipoondoka nilibaki kumsaidia vyombo. Alikuwa anasuuza vikombe, akaniuliza bila kugeuka, "Tangu lini, wifi?"

"Tangu yule kijana wa boti alipoondoka," nikasema.

"Mtoto wangu wa mwisho alikuwa darasa la kwanza."

"Ndiyo."

Sasa yule mtoto alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alisuuza kikombe kilichokuwa kimeshatakata. "Mana yanje," alisema kwa lugha yake, akimwita Mungu wake.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mke wa Dereva stendi, amevaa vizuri, ana mkoba. Bosi alikuwa bado anapeleka wageni, wachache, wale waliokwishalipia. Mama yule aliingia kwenye Kosta, akakaa kiti cha mbele kabisa, ubavuni mwa mumewe. Siku hiyo hapakuwa na "Mwangaluka." Hapakuwa na nyimbo. Ndorobo waliingia, tukajipiga wenyewe makofi kimya kimya mpaka Karema.

Alishuka mpaka yalipo maji. Tangu utotoni hakuwa ameliona lile ziwa. Alisimama kati ya zile kuta za nyumba iliyozama, akamwambia mumewe, "Vusha watu wako. Mimi nitakaa hapa." Dereva alitaka kusema kitu. Akamkatisha: "Nenda. Wamelipa."

Nilibaki naye. Bustanini hakukuwa na cha kupika tena cha maana, maji yalikuwa mlangoni mwa jiko. Tulikaa juu ya tofali tukaitazama boti ikizunguka miamba na kupotea. Hapo ndipo aliponieleza, mwenyewe, bila kuulizwa. Usiku wa kukimbia mama yake alimpakia kwenye boti na majirani, mama mwenyewe akabaki na mtoto mchanga kwa sababu nafasi iliisha. Waliposhushwa upande huu aliambiwa akae pale mchangani, mama anakuja na boti inayofuata.

"Zilikuja boti," alisema. "Wakashuka watu. Kila mwanamke akishuka mimi nasimama. Nilisimama siku nzima. Kesho yake wakanibeba, maana nilikataa kutembea."

Tuliposikia injini alikuwa katikati ya neno. Boti ilitokeza kwenye miamba, ndogo, na mtu mmoja nyuma. Mama yule alisimama. Sidhani kama alikusudia. Alisimama wima, mkoba ukaanguka, mikono ikaning'inia, na alibaki hivyo mpaka boti ilipogusa ukuta.

Dereva alishuka akaja mpaka mbele yake, maji yakimchuruzika.

"Umeona?" mkewe alimwambia. "Nimesimama."

"Nimeona."

"Ningejua, ningekuwa nimesimama hapa kila wiki, miaka yote."

"Ndiyo sababu sikukuambia, mama watoto."

"Hukuniambia ili nilale. Sawa, nililala. Lakini wewe ulikuwa unakwenda." Sauti yake haikupanda. "Ungezama, wangekuja kuniambia maiti ya mtu wa boti imeokotwa, mimi ningewajibu mume wangu ni dereva wa basi, nendeni nyumba nyingine."

Dereva hakujitetea. Mkewe akainama, akaokota mkoba, akasema wale waliopelekwa lazima warudishwe, hawana kosa. Alilala Karema siku hiyo, kwenye nyumba ya wageni karibu na misheni, na Jumapili alikuwa pale pale kati ya kuta mumewe alipoleta watu wa mwisho. Dereva alifunga boti, akampa mlinzi ufunguo, akaoga, akavaa shati lake. Hakukuwa na haja tena ya kubadilisha, lakini alibadilisha.

Hakushika boti tena. Na hata angetaka, mvua zilizofuata zilimaliza mambo: maji yaliingia jikoni kwangu, yakazima jiko la mwisho, bembea ya kuzunguka ikabaki viti vyake vikichungulia juu ya ziwa. Bosi aliuza Kosta. Kila mtu akashika njia yake. Mimi nilikwenda Sumbawanga kwa binti yangu Pendo aliyekuwa amejifungua, nikakaa huko kuliko nilivyopanga. Huko ndiko nilikosikia kwamba mke wa Dereva anaugua figo. Nikasikia wanampeleka na kumrudisha hospitali. Kisha nikasikia tumempoteza. Sikuwahi mazishi.

Niliporudi Mpanda nilimkuta Dereva stesheni ya reli. Ilikuwa asubuhi, treni ya Kaliua inatarajiwa, na bajaji zilikuwa zimejipanga zikisubiri abiria. Yake ilikuwa ya mwisho kwenye foleni. Alikuwa amepungua mwili, shati limemzidi mabega. Nilimpa pole, akaipokea kwa mikono miwili, akanifungulia nafasi ya nyuma nikakaa, naye akageuka kwenye kiti chake tukawa tunatazamana.

Nilitaka kuuliza lile ambalo watu wote tuliokuwa pale Karema tulijiuliza, kama alisamehewa. Niliogopa. Alinijibu bila kuulizwa.

"Tulirudi siku ile, hakusema na mimi wiki nzima," alisema. "Chakula anapika, maji anaweka bafuni. Halafu jioni moja tumemaliza kula, akaniambia, haya, niambie safari moja. Nikamuuliza safari ipi. Akasema yoyote uliyonificha. Lakini usinidanganye hata wimbi moja."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ya kwanza. Nilivyotapika, nilivyogonga gati, kijana wa Karema alivyonicheka. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza upepo ulikuwaje. Nikamwambia. Akaenda kulala. Kesho yake akasema, haya, nyingine." Alifuta usukani kwa kiganja, ingawa hakukuwa na vumbi. "Ikawa kila jioni, Mama Pendo. Mimi unanijua, nyumbani sikuwa mtu wa maneno. Nikawa naongea kama redio. Mama mnene wa mtelezo, alicheka huyo! Yule mwalimu aliyekuwa hana mtu, alinilaumu kwa nini sikumleta nyumbani ale. Siku ya kwaya nilimsimulia jioni tatu, maana alinisimamisha kila mahali. Hapo uliogopa? Niliogopa. Ulinifikiria? Nilikufikiria. Ukarudi nyuma? Sikurudi. Akasema, endelea."

"Hata alipokuwa hospitali?"

"Hasa hospitali. Wauguzi walidhani nasali. Mwishoni alikuwa hafungui macho, lakini nikisimama kidogo anasogeza kidole hivi, niendelee. Mchana ule wa mwisho nilikuwa namweleza safari moja ya Krismasi, ziwa limetulia kama sahani, watoto wamelala wote botini, mimi nimepunguza moto wa injini ili wasiamke. Hakusogeza kidole. Nikaendelea kwanza. Nilifika mpaka Karema, nikashusha watu wote, ndipo nikamwita."

Kwa mbali treni ilipiga honi. Madereva wenzake walianza kuwasha bajaji, moshi ukajaa pale mbele ya stesheni. Yeye hakuwasha.

"Nilimficha miaka mingi," alisema. "Yeye amenipa jioni za mwaka mmoja tu. Zimebaki safari nyingi sana sijamwambia."

Nikamwambia, "Nisimulie mimi, kaka. Nina muda."

Alinitazama kwa upole, uso ule ule aliokuwa nao akimwambia mtu ukweli, akatikisa kichwa.

"Wewe ulikuwepo, Mama Pendo," alisema. "Wewe zote unazijua."

Abiria walianza kutoka na mizigo kichwani. Akawasha bajaji, akaisogeza mbele kidogo kidogo na wenzake.